Mpaka wa Besi: Historia ya Kidude Kidogo cha Amplifaya ya Gari

Kila amplifaya ya gari inayouzwa Luthuli Avenue jijini Nairobi, au Kariakoo jijini Dar es Salaam, ina kidude kidogo kinachozungushwa kwa bisibisi. Kando yake pameandikwa herufi LPF, na kuzizunguka kuna namba zinazoanzia 40 au 50 na kuishia 200 au zaidi. Mafundi hukiita krosova. Kazi yake ni kuweka mpaka: sauti zilizo chini ya namba iliyochaguliwa ziende kwenye sabufa iliyo butini au chini ya viti, na zilizo juu yake zizuiwe zisifike huko. Fundi mwenye uzoefu huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache, akapokea ujira wake, na gari likaondoka.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini mwalimu wa historia ajishughulishe na bisibisi ya fundi redio. Nilimjibu kwamba mpaka wowote, uwe wa nchi, wa wilaya au wa sauti, una aliyeuchora, una sababu yake, na una watu waliobebeshwa mzigo wake. Makala haya ni jibu hilo kwa urefu. Nakusudia kuonyesha kwamba ugomvi wetu wa kila mwaka kuhusu muziki wa matatu unaendeshwa kwa vipimo vilivyotungwa mbali na hapa, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa, na kwamba kwa sababu hiyo sheria zetu zinawapita pembeni watu wawili zilizopaswa kuwalinda.

Tuanze na elimu yenyewe. Sauti ni mtetemo wa hewa, na idadi ya mitetemo kwa sekunde moja hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mzima husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000. Hakuna spika moja inayoweza kuzitoa zote vizuri. Sauti nene zinahitaji spika pana inayosukuma hewa nyingi polepole. Sauti nyembamba zinahitaji spika ndogo, nyepesi, inayotikisika upesi. Kwa hiyo kazi hugawanywa, na krosova ndiyo mgawaji.

Mpaka unaotajwa zaidi ni hezi 80, nao hauna uchawi. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa mita 4 na sentimita 30 hivi. Wimbi refu kiasi hicho hulizunguka kichwa cha mtu, na masikio mawili hayapati tofauti ya kutosha kujua limetokea upande gani. Ndiyo maana sabufa inaweza kukaa butini na abiria akadhani ngoma inapigwa mbele yake. Mpaka ukipandishwa hadi hezi 150, sauti nene ya mwanamume huanza kuhamia nyuma, na mwimbaji akaonekana kama amefungiwa butini pamoja na gurudumu la akiba. Namba 80 ilipata nguvu zaidi kupitia mfumo wa THX, uliobuniwa na Tomlinson Holman katika kampuni ya filamu ya Lucasfilm mnamo 1983 kwa ajili ya kumbi za sinema na baadaye ukaingizwa majumbani. Lakini wazo la kuukata wimbo vipande lina umri mkubwa kuliko hapo, na halikuzaliwa kwenye muziki.

Lilizaliwa kwenye simu. Mnamo 1915, George Campbell wa kampuni ya simu ya AT&T nchini Marekani, na Karl Willy Wagner nchini Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walifikia ubunifu wa kichujio cha umeme: saketi inayoruhusu masafa fulani kupita na kuyazuia mengine. Haja ilikuwa ya kibiashara. Nyaya za masafa marefu zilikuwa ghali, na kampuni ilitaka mazungumzo mengi yapite katika waya mmoja bila kuingiliana. Ili hilo liwezekane, kila mazungumzo yalipaswa kupewa nafasi finyu, na nafasi ikiwa finyu lazima jambo fulani liachwe nje.

Kilichoachwa nje ni pamoja na besi. Kipimo kilichozoeleka cha simu kikawa hezi 300 hadi 3,400. Sauti ya mwanamume akizungumza huwa na msingi wake karibu na hezi 100. Maana yake ni kwamba kwa miongo mingi msingi wa sauti za baba zetu haukupita kabisa katika waya. Tuliwatambua kwa sababu ubongo huujenga upya msingi uliokosekana kutokana na sauti za juu zilizosalia. Kampuni ilipata faida, na sikio likafanya kazi ya ziada bila malipo. Wanafunzi wa uchumi wa siasa watatambua hapo mpango wanaoufahamu.

Uamuzi wa pili ulifanyika katika nyumba hiyohiyo ya simu. Tarehe 27 Aprili 1933, maabara ya Bell, iliyokuwa mali ya kampuni hizo za simu, ilirusha muziki wa okestra ya Philadelphia kwa nyaya hadi ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington. Wapigaji walikuwa Philadelphia; kiongozi wao, Leopold Stokowski, alikaa Washington akirekebisha nguvu za sauti. Jukwaani kulikuwa na spika tu, zikiwa zimegawanywa: kubwa kwa sauti nene, pembe maalumu kwa sauti za juu. Muda mfupi baadaye studio za Hollywood zilifuata. Douglas Shearer wa MGM aliongoza utengenezaji wa mfumo wa spika za sinema wenye njia mbili, na sinema za miaka ya 1930 zikapata sauti iliyojaa ukumbi. Mhandisi Mwingereza Stephen Butterworth alikuwa ameshachapisha mwaka 1930 hesabu ya vichujio ambayo hadi leo jina lake limo katika amplifaya nyingi. Mnamo 1976, Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi wa Hewlett-Packard, walionyesha namna ya kuupanga mpaka ili kila upande uwe umepungua kwa desibeli 6 pale wanapokutana, na jumla ya pande mbili ibaki tambarare. Fundi anayechagua mteremko wa desibeli 24 anatumia mara nyingi kazi ya wawili hao, hata kama hajapata kuyasikia majina yao.

Uamuzi wa tatu ndio wenye matokeo makubwa zaidi kwetu, nao pia ulianzia maabara ya Bell katika mwaka uleule wa 1933. Harvey Fletcher na Wilden Munson waliwapima watu usikivu wao na wakachora mistari inayoonyesha kwamba sikio la binadamu, kwa sauti za kiasi, ni zito kuzisikia nene kuliko za kati. Kutokana na utafiti huo, viwango vya Marekani vya mwaka 1936 viliipa mashine ya kupimia sauti kichujio kilichopewa herufi A, kinachopunguza sauti nene kabla ya kuzihesabu. Kilikusudiwa kwa sauti za upole. Baadaye kikatumika kwa sauti zote, kikaenea duniani, na leo karibu kila kanuni ya kelele imeandikwa kwa kipimo hicho, desibeli A. Kwa hezi 1,000 hakipunguzi kitu. Kwa hezi 100 kinapunguza desibeli 19. Kwa hezi 50, ambako sabufa ya matatu hufanya kazi yake nzito, kinapunguza desibeli 30.

Wakati Marekani ilipokuwa ikizipa sauti nene nafasi ya mwisho, Kingston ilizipandisha cheo. Katika viwanja vya Jamaika ya miaka ya 1950 na 1960, watu ambao hawakuwa na fedha za kumbi za starehe walikusanyika mbele ya mitambo ya muziki iliyoundwa na mafundi wa mitaani. Mmoja wao, Osbourne Ruddock, aliyejulikana kwa jina la King Tubby, alikuwa fundi wa umeme kabla ya kuwa mtu mashuhuri wa muziki. Mtambo wake na ya wenzake ilizipa sauti nene amplifaya zake na nyembamba zake, na vichujio vikageuzwa kuwa ala: fundi aliiondoa besi makusudi, umati ukangoja, kisha akairudisha. Kilichokuwa kifaa cha kubana matumizi katika kampuni ya simu kikawa kifaa cha furaha mikononi mwa maskini. Utamaduni huo ulisafiri na reggae hadi London na New York, ukachangia kuzaliwa kwa muziki wa hip hop, na kutoka huko ukaja kwetu kwa kaseti.

Nairobi nayo ilikuwa na gari la kuupokea. Matatu, ambazo jina lake linatokana na nauli ya senti kumi tatu, zilikuwa biashara ya magendo hadi mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba zaweza kubeba abiria bila leseni maalumu. Ushindani wa kuwania abiria ukakua, na muziki ukawa tangazo. Asiyefahamu hesabu ya biashara hiyo hudhani sabufa ni ulimbukeni. Mwenye gari anayekodisha kwa kiasi maalumu kwa siku, na dereva anayepaswa kukifikisha kiasi hicho kabla ya kupata chake, wote wanajua kwamba kijana aliye kituoni huchagua kwa sikio na jicho kabla ya kuuliza nauli. Methali yetu husema debe tupu haliachi kuvuma. Debe hili huvuma ili lisibaki tupu.

Hapa historia ya siasa yetu inaingia. Mwezi Mei 1990 mtaa wa Muoroto, Nairobi, ulibomolewa na wakazi wake maskini wakafurushwa. Nyimbo zilitungwa kuhusu mkasa huo na kuhusu hali ya nchi, zikauzwa mitaani na kuchezwa ndani ya matatu. Katika majuma ya vuguvugu la Saba Saba, polisi waliwakamata wauzaji wa kaseti na kuzinyakua kaseti zao. Naomba msomaji aitazame hatua hiyo kwa macho ya fundi. Dola ya mwaka 1990 haikuogopa besi. Iliogopa masafa ya kati, yaani hezi 300 hadi 3,400, yanakokaa maneno. Matatu ilikuwa gazeti lisilohitaji kujua kusoma.

Baada ya uhuru wa habari kupanuka na redio za FM kuongezeka, hofu ya maneno ilipungua na malalamiko ya ngurumo yakaongezeka. Kanuni zilizopewa jina la Waziri John Michuki, yaani Tangazo la Kisheria namba 161 la mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilishughulikia mikanda, vidhibiti mwendo, sare za wahudumu na mstari wa njano. Kelele zilipata kanuni zake mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira. Kanuni hizo za 2009 zimeweka ukomo kwa desibeli A: katika makazi, usiku, ukomo ni 35. Ni hapo kipimo cha mwaka 1936 kilipoingia katika vyumba vyetu vya kulala.

Tufanye hesabu. Chukua mkazi wa ghorofa iliyo karibu na steji ambapo matatu hupanga foleni saa kumi alfajiri. Kuta na madirisha huzuia sauti nyembamba vizuri zaidi kuliko nene, kwa hiyo kinachomfikia kitandani ni besi tupu. Tuseme ni mtetemo wa hezi 50 wenye nguvu ya desibeli 65. Sikio huanza kuusikia mtetemo wa hezi 50 unapofika takriban desibeli 44. Huyu basi anausikia bila shida, na vyombo vyake kabatini huenda vikausikia pia. Afisa wa mazingira akija na mashine, itatoa desibeli 30 kama ilivyofundishwa, na kusoma 35. Ataandika kwamba ukomo haujavukwa. Afisa hakusema uongo, na mkazi hakulala. Kila mmoja amesimama upande wake wa kichujio.

Mtu wa pili aliyesahaulika ni makanga. Tangu zamani tumezoea kumwona kama chanzo cha kelele. Ni nadra kumwona kama mfanyakazi anayeumizwa nayo. Kenya ina kanuni za mwaka 2005 za kuzuia kelele katika viwanda na mahali pengine pa kazi, zinazokataza mfanyakazi kukabiliwa na wastani unaozidi desibeli A 90 kwa saa nane katika siku. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ni kali zaidi: desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda upunguzwe kwa nusu, hata zikifika 100 ubaki muda wa dakika 15 tu. Mimi nayasoma maneno "mahali pengine pa kazi" na kuona kwamba mlango wa matatu ni mahali pa kazi. Makanga hukaa hapo kuanzia alfajiri hadi usiku, spika ikiwa hatua moja kutoka sikioni. Kwake yeye kipimo cha A si kibaya, kwa sababu sauti za kati na za juu ndizo zinazoharibu usikivu zaidi. Kinachokosekana ni mtu wa kumpima.

Na hapa bisibisi inarudi kwa heshima. Krosova isiyowekwa sawasawa huongeza kelele bila kuongeza muziki. Spika ndogo za mlangoni zikiachiwa zipokee besi zisizoiweza, hukwaruza. Maneno hayasikiki, dereva anapandisha sauti, mkwaruzo unazidi, naye anapandisha tena. Fundi mwangalifu huanza na redio ikiwa tambarare, bila kuongeza besi wala nyembamba. Huweka sabufa kwenye hezi 80, na spika za mlangoni zikate chini ya hapohapo kwa upande wa HPF. Zikiwa ndogo sana, hupandisha hadi 100 au 120. Huchagua mteremko mkali ili sauti ya mtu isiteleze kuelekea nyuma. Hucheza wimbo anaoufahamu wenye sauti ya mwanamume, akasikiliza kama mwimbaji amekaa mbele au amezama butini. Hujaribu swichi ya fezi, sifuri na 180, akaiacha pale besi inapojaa. Mwisho kabisa ndipo hugusa geini, na huisimamisha kabla sauti haijaanza kuchanika. Gari lililopangwa hivyo husikika vizuri likiwa chini, na halihitaji kupiga kelele ili lieleweke.

Miongoni mwa mambo ambayo kanuni za 2009 zinaagiza yazingatiwe katika kuamua kama kelele imepita kiasi ni iwapo aliyeisababisha angeweza kuidhibiti bila jitihada au gharama isiyo ya haki. Kifungu hicho ni cha thamani kubwa kuliko tunavyokitumia. Kushusha geini na kuweka mpaka sahihi hakugharimu zaidi ya dakika kumi za fundi. Serikali ikitaka mabadiliko, ingeweza kuanza na mafundi: wapewe mafunzo na vyeti, na ukaguzi wa gari utazame namna mtambo ulivyopangwa badala ya kuung'oa kila unapotokea msako na kuurudisha msako ukipoa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, nina pendekezo la pili. Mashine nyingi za kupimia zina kichujio kingine kiitwacho C, ambacho kwa hezi 50 hupunguza zaidi kidogo ya desibeli 1 tu. Andikeni vipimo vyote viwili. Tofauti kati ya C na A ikiwa kubwa, mjue kuna besi inayofichwa na tarakimu. Ujerumani ilitoa kiwango chake cha DIN 45680 mwaka 1997 kwa ajili ya sauti nene majumbani, na tofauti inayozidi 20 ndiyo ishara yake. Jambo hili halihitaji sheria mpya; linahitaji safu moja zaidi katika fomu.

Wanaharakati nao nawaomba wajihadhari na mtego mmoja. Historia ya mwaka 1990 inatufundisha kwamba kuzima mtambo ni kazi rahisi kwa dola, na kwamba kisingizio cha utulivu hupatikana upesi pale maneno yanapoanza kuuma. Anayedai kelele zidhibitiwe leo anapaswa kudai pia kwamba kinachopimwa ni nguvu ya sauti na masafa yake, kwa vipimo vilivyo wazi ambavyo mwenye gari anaweza kuvipinga mahakamani. Kanuni isiyo na kipimo sahihi humwachia polisi aliye barabarani aamue kwa sikio lake, na sikio hilo, sote tunajua, hutulizwa kwa noti.

Wanafunzi wangu nawaachia zoezi. Nendeni kwa fundi yeyote wa redio za magari, mwombeni akizungushe kidude cha LPF polepole kutoka 50 hadi 200 huku wimbo ukiendelea, na mwandike ni kwa namba gani sauti ya mwimbaji ilihama kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha mkafungue kanuni za kelele za nchi yenu, mtafute herufi A iliyo kando ya neno desibeli, na mwandike kurasa mbili: ni nani anayesikika kwa kipimo hicho, na ni nani asiyesikika?